Waliichoma chumvi yetu ya ukwaju, wakasema tuliongeza maji

Wakuu, salamu kutoka Kiboko, kando ya barabara ya Mombasa.

Lori ninalosafiri nalo limekufa gearbox. Leo ni siku ya tatu tunangoja spea, na dereva amelala chini ya trela kama mtu aliyelipwa kulala. Mimi nina simu, nina kivuli, na nina hasira ya karibu miaka thelathini. Nimeona afadhali niandike.

Habari yenyewe ni ya chumvi, kwa hivyo sitaongeza nyingine. Nitaeleza ilivyokuwa, hata pale inaponiaibisha mimi mwenyewe.

Naitwa Kyalo. Wakamba mliomo humu mnajua ni jina la mtoto wa safari, na nimelitendea haki. Nimekuwa turnboy, yaani utingo wa malori, nimepaka rangi mabango ya hoteli, nimelinda ghala Mtito, nimeuza matikiti hapa hapa Kiboko. Masomo yangu yaliishia Form Four. Wenye digrii za chemistry mnisahihishe kwa upole.

Kwetu ni Kitui, upande wa Mutomo, lakini secondary nilisomea Makueni. Ilikuwa shule ya mchanganyiko karibu na Kalamba, katikati ya miaka ya tisini. Shule changa, bado inanuka simiti. Lab ilikuwa chumba kimoja chenye stuli kumi na nane.

Hizo stuli ndizo zilizoleta shida.

Mwanzo wa Form Three deputy, naibu wa mkuu wa shule, alisoma majina kumi na manane ya watakaoendelea na chemistry. Mimi, ambaye mtihani wa Form Two nilipata D, nilikuwemo. Mutindi, aliyekuwa wa pili darasa zima, hakuwemo. Alipelekwa Home Science pamoja na karibu wasichana wote, na hakuna aliyewauliza.

Mutindi alikuwa binti wa Kalamba, mfupi, mkimya, mwenye macho ya kukagua. Yeye ndiye aliyekuwa akinieleza hesabu za mole nyuma ya jikoni mpaka zinaingia, halafu kesho yake zinatoka.

Alimfuata deputy hadi ofisini. Mimi nilikuwa nimetumwa chaki, nikasikia yote.

"Home Science nayo ni sayansi, mama," deputy akamwambia.

"Basi mpe Kyalo hiyo, Mwalimu."

Deputy alicheka. Akaniangalia pale mlangoni, akacheka tena. Halafu akasema mashindano ya sayansi ya shule za wilaya yako karibu. "Ukipita uende mkoa, stuli ni yako, hata kama nitatoa hii ninayokalia. Usipopita, hiyo habari ya chemistry sitaki kuisikia tena."

Wakuu, shikeni hapo. Kitu alichokuwa akipigania ni stuli. Ubao na misumari.

Kila kazi ilitaka wanafunzi wawili. Mutindi akanichagua mimi. Nilijivuna kidogo, nikamuuliza kwa nini.

"Kwa sababu nyumbani kwenu kuna ukwaju mkali. Usijione."

Nieleze sasa kazi yenyewe.

Mama yake Mutindi alikuwa akichemsha ukwaju wa kutia kwenye uji. Ule mzito ukiachwa siku kadhaa chunguni, chini hujikusanya kitu kama mchanga. Wengine wanaosha chungu wanaendelea na maisha. Mutindi aliuonja. Ulikuwa mkali kama ukwaju wenyewe, lakini ulikuwa mchanga wa kweli, unang'aa ukiuweka juani.

Kwenye kabati la lab kulikuwa na kitabu kikuukuu cha kizungu, hakina jalada. Humo ndimo alipopata jibu. Ule ukali wa ukwaju ni asidi moja na ile ya zabibu. Ukiipa potashi ya jivu inashuka kama mchanga. Ukiuyeyusha ule mchanga kwa maji moto, ukaulisha magadi polepole mpaka uache kutoa povu, kisha ukauacha upoe, unapata chumvi nyingine kabisa, kubwa, safi kama kioo. Kitabu kiliiita chumvi ya Rochelle.

Vyote vilikuwa kwetu. Ukwaju nilileta mimi kutoka Kitui, nusu gunia. Jivu lilikuwa la magunzi ya mahindi. Magadi yalikuwa yale yale ya kulainishia isyo, mahindi na maharagwe yetu, jikoni kwa shule, na mpishi alitupa tulipomuahidi kwamba hatutengenezi pombe.

Mara ya kwanza tulipata uji wa rangi ya chai. Mara ya pili tukapata chai yenyewe. Mara ya tatu Mutindi akasaga makaa, akachuja kwa kitambaa cha nepi mpya kilichotoka kwa dada yake. Maji yakatoka meupe.

Akachagua kipande kimoja kidogo kama punje ya mchele, akakifunga kwa nailoni ya gunia, akakining'iniza ndani ya chupa ya jemu. Joto la kule mnalijua. Chupa aliifukia kwenye mchanga mbichi chini ya pipa la maji nyuma ya lab, mahali ambapo hata mchana ni baridi.

Wiki tano. Kila siku alifukua, akaangalia, akafukia. Mimi nilikuwa nachunga njia nisijue nachunga nini.

Siku aliyoitoa, ilikuwa kubwa kama kiberiti. Wakuu, mimi nimeona vitu barabarani, lakini sijaona kitu kama kile. Pande zake zilikuwa bapa, kona zimekatwa kwa pembe zinazofanana, na hakuna mkono uliopitisha msasa. Ungeiweka juu ya gazeti ukasoma.

Kipande kingine tulikiacha dirishani kwa kutojua. Siku mbili kikawa cheupe kwa nje kama kimepakwa unga, ukikishika kinamomonyoka. Mutindi hakulalamika. Alikaa na kile kitabu jioni nzima, akarudi na jibu.

"Ni maji yameondoka," akasema.

"Maji gani? Ilikuwa kavu."

"Ni kavu, lakini ndani iko na maji. Kila kipande kidogo kabisa cha hii chumvi kimeshika maji manne. Robo ya uzito wake ni maji."

Sikuelewa. Nilimwambia maji yakiwa ndani ya kitu, kitu hicho kinakuwa kibichi.

Akaniuliza kama nimewahi kuona mwethya. Nani Ukambani hajaona mwethya? Kina mama wamejipanga kutoka mlimani hadi mtoni, wanajenga bwawa la mchanga, mawe yanapita mkono kwa mkono.

"Sasa hizi chembe za chumvi ziko mbali mbali, hazifikiani zote," akasema. "Maji ndiyo yanasimama katikati. Hydrogen ya maji inashika oxygen ya jirani huku, nyingine inashika huku. Hayajamwagika mle, yamejipanga. Ukiyatoa, mstari unakatika, mawe yanaanguka."

Baadaye niliambiwa huko vyuoni huko kushikana kunaitwa hydrogen bonding na watu wanakuchora kwa mashine. Mimi nilikuchorewa kwa kijiti chini ya pipa la maji, na sijakusahau.

Akapaka ile kubwa mafuta ya kukamulia ng'ombe ili maji yasitoroke, akaifunga kwa kitambaa.

Kulikuwa na jambo lingine kitabuni. Chumvi hii ukiibonyeza inatoa umeme, kidogo sana. Jumamosi wakati wa mazoezi ya kwaya tulibandika karatasi ya fedha ya sigara pande zake mbili, tukafunga nyaya mbili, tukachomeka kwenye amplifaya ya kanisa palipo shimo la maikrofoni. Mutindi akaigonga kwa ukucha.

Spika ikasema tok.

Kwaya ilikatiza wimbo. Akagonga tena. Tok. Mama mmoja wa sauti ya kwanza akasema, "Hebu weka hiyo jiwe chini kabla haijatoa ushuhuda." Walicheka hadi mwalimu wa kwaya akakaa. Na ndio waliotuazima amplifaya na betri yake ya gari tuende nayo mashindanoni.

Sasa nafika mahali ninapokasirikia.

Mashindano yalikuwa katika shule moja upande wa Wote, jina naliacha. Tulifika asubuhi, amplifaya imefungwa nyuma ya baiskeli. Chati ya manila niliandika mimi, kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Kwa herufi nyekundu, kubwa kabisa, niliandika: ROBO YA UZITO WAKE NI MAJI.

Tulidhani hiyo ndiyo ingewashangaza.

Mwamuzi wa chemistry alikuwa mtu mzima mwenye koti zito kwenye joto lile. Alisimama mbele ya meza yetu, akasoma chati, na uso wake ukabadilika.

Lazima nieleze hapa kwa wasio wa kwetu. Enzi zile pamba ilikuwa ikinunuliwa kwa kilo, na kuna watu waliokuwa wakinyunyizia magunia maji kabla ya kupeleka mizani. Mahindi vile vile. Mnunuzi wa kwetu alizoea kuingiza mkono ndani ya gunia, akisikia ubichi tu, anakurudisha nyumbani ukaanike. Kitu kizuri ni kitu kikavu. Maji ndani ya mzigo ni wizi. Tumelelewa hivyo sote, na huyu mwamuzi alikuwa mwana wa mkulima wa pamba kama sisi.

"Robo ni maji," akasema. "Kwa hivyo mmepima maji."

"Hapana, Mwalimu," Mutindi akasema. "Maji ni sehemu ya—"

"Ngoja. Wewe kijana. Mliongeza maji hapa?"

Aliniuliza mimi. Yeye alikuwa katikati ya kueleza, na mtu yule akageuza shingo akaniuliza mimi.

Nikajibu, "Ndiyo, Mwalimu. Tuliongeza."

Ilikuwa kweli. Huwezi kuyeyusha kitu bila maji. Lakini nilisema hayo tu, nikafunga mdomo. Mtu mwenye koti aliponiangalia vile, niliangalia chati yangu.

"Basi kwanza ikaushwe," akasema. "Ikikauka tuone kilichobaki."

Mutindi akasema kwa sauti ya chini lakini haraka, "Mwalimu, ukiikausha utaivunja. Ni kama copper sulphate. Ile ya blue ukiipasha inakuwa nyeupe, kwa sababu maji yake yameenda. Mwalimu unafundisha hiyo."

Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Nilidhani ameshinda.

Mwamuzi akamjibu: "Copper sulphate iko kwenye kitabu cha Form Two. Ukwaju hauko."

Narudia, wakuu, kwa sababu nimekaa na maneno hayo miaka yote hii. Ukwaju hauko. Mtu aliyefundisha jambo lile lile muhula hadi muhula, mbele yake kuna msichana amelifanya kwa jivu la magunzi, akalikataa kwa kuwa halijachapishwa.

Mutindi alimwomba angalau awashe amplifaya kwanza, aigonge mara moja tu. Akasema muda hautoshi.

Akaitia chumvi ndani ya bika yetu ya kioo, akaiweka juu ya jiko la spiriti yeye mwenyewe.

Ilichukua dakika chache. Kona zilianza kuwa laini, kama sabuni. Kisha ikadidimia. Kisha ikawa maji, yote, na mafuta ya kukamulia yakaelea juu. Wiki tano.

Mtu yule akainua bika, akawaonyesha waliokusanyika. "Mnaona? Barafu ya ukwaju."

Wakacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitabasamu. Ni ile tabasamu ya mtu asiyejua aweke uso wake wapi, lakini Mutindi aliiona.

Kwenye karatasi yetu aliandika kwamba uzito umeongezwa kwa maji na mwanafunzi amekiri. Mwanafunzi ni mimi.

Amplifaya ilikaa pale siku nzima na betri yake. Hakuna aliyeiwasha.

Mutindi hakulia. Alifunika ile bika kwa karatasi ya daftari, akaikumbatia njia yote hadi Kalamba, mimi nasukuma baiskeli nyuma yake.

Jumatatu aliniita kwenye pipa la maji. Ndani ya bika, chumvi ilikuwa imerudi. Haikuwa moja kubwa kama kwanza, ilikuwa kishada cha vipande vidogo vimechomozana, lakini pande bapa, pembe zile zile, kioo kile kile. Yale maji hayakuwa yameenda mbali. Joto lilipoisha yalishikana tena.

Kama si ushahidi huo, ushahidi ni nini?

Tuliipeleka kwa deputy. Aliigeuza geuza kwenye mwanga, akakubali kwamba ni nzuri. Mutindi akamweleza yote, polepole, hatua kwa hatua, vizuri kuliko mwalimu yeyote aliyewahi kunifundisha.

"Ninakuamini," deputy akasema. "Lakini karatasi ilishasainiwa."

"Na stuli, Mwalimu?"

"Tulikubaliana ukipita."

Kisha, na hapa ndipo ninaposikia damu ikipanda hata leo, akasema, "Hii acha hapa. Itanishikia makaratasi."

Ilikaa dirishani kwake, juani, juu ya barua. Kufikia mwisho wa mwezi ilikuwa unga mweupe, na alimwita mtu afagie.

Mutindi alienda Home Science. Mimi nilikaa kwenye stuli ya chemistry miaka miwili, nikatoka na D ile ile niliyoingia nayo.

Miaka ikapita. Nikawa wa barabarani. Nikiona ukwaju nilikuwa nageuza uso.

Sasa, miaka minne iliyopita nilikuwa mji wa Salama, barabara hii hii, nikingoja gari, nikakaa kwa fundi mmoja wa redio. Alikuwa amefungua santuri ya zamani ya kupiga rekodi, anafunga waya karibu na kile kichwa kinachobeba sindano. Nikamshikia tochi ya simu. Soldering gun yake ya kuchomelea ilipokaribia, akakunja mkono haraka.

"Hapa nisifikishe joto," akasema. "Ndani iko chumvi."

"Chumvi gani?"

"Sijui jina. Za zamani ziliwekwa chumvi fulani inaonekana kama kioo. Sindano ikitikisika, chumvi inatoa umeme, ndiyo unasikia muziki. Lakini ikipata joto inakuwa maji tu."

"Nani alikufundisha?"

"Nilichoma moja," akasema. "Nikajua."

Nilisimama, tochi mkononi, nikakimulika kile kichwa upya. Fundi wa kibandani alichoma moja akajua. Mwamuzi alichoma yetu akaandika kwamba tumeiba.

Siku hiyo gari langu lilipita nikaliacha. Nilipanda la kwenda Kalamba.

Nilimpata Mutindi sokoni, ana duka la kushona. Nywele zimeanza kuingia mvi mbele. Alikuwa akishona kazi ya shule yetu ile ile, na nilipoangalia vizuri nikaona ni makoti meupe ya lab. Rundo zima. Siku hizi wana lab mbili.

"Kyalo," akasema bila kusimamisha cherehani. "Umezeeka vibaya."

"Na wewe hujambo."

Nikamweleza habari ya fundi wa Salama, kila neno, nikidhani nimemletea zawadi. Aliendelea kushona mpaka mwisho wa mkono wa koti, akakata nyuzi kwa meno.

"Sasa hiyo unaniletea ya nini? Mimi nilijua siku ile ile."

"Nilidhani utafurahi kujua ulikuwa sawa."

"Yule mzee sikumtegemea," akasema. "Yeye aliona maji akaona mwizi, basi. Lakini mimi nilishajibu, hakunisikia. Akauliza wewe kwa sababu wewe ni kijana, neno lako lingeingia. Na wewe ukajibu nusu."

Nikamwambia sikuwa na la kuongeza. Nilikuwa sijaelewa.

"Ulielewa. Nilikuchorea na kijiti. Nusu ya kwanza ulisema. Nusu ya pili iko wapi?"

Nilikaa kwenye benchi la wateja mpaka akafunga duka, tukaongea habari za watoto wake na za barabara. Aliponisindikiza stendi hakulirudia swali lile, na mimi sikulitaja.

Nusu hiyo ya pili nimeibeba miaka minne. Leo hapa Kiboko, lori limekufa, hakuna wa kunikatiza, naisema yote:

Ndiyo, Mwalimu, tuliongeza maji. Tuliongeza mengi, sufuria nzima. Chumvi yenyewe ilichukua manne, ikayashika, na yaliyobaki ikayaacha kwenye chupa. Hatukuipimia sisi. Kazi ni ya Mutindi, muulize yeye.

Dakika moja ingetosha. Hata kama mwamuzi asingesikia, Mutindi angekuwa amenisikia.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba yule wa koti simsamehe, lakini yeye alikutana nasi nusu saa. Mimi ndiye niliyekuwa chini ya pipa wiki tano. Ukisimama na mtu na ukaulizwa wewe kwa kuwa una sura inayosikilizwa, usijibu nusu.

Nimemtumia Mutindi link kabla ya kuweka hapa. Amejibu neno moja tu, na si la salamu: "Sasa."

Walimu wa chemistry mliomo, nirekebisheni nilipokosea. Na kama wewe au mtu wako aliwahi kuambiwa kazi yake haiko kwenye kitabu, andika hapa chini. Nina kivuli, na spea inasemekana bado iko Athi River.